Kosa la usemi halisi liko kwenye kiungo

Ndugu Mhariri,

Tuna ombi kwa wanaosahihisha insha za Kiingereza: mwanafunzi akikosea usemi halisi, msimwandikie tu "alama!" pembeni kwa wino mwekundu. Mara nyingi alama za kunukuu amezifungua na kuzifunga vizuri. Kosa liko pale maneno ya msemaji yanapokutana na ya msimulizi, kwenye he said na she asked.

Tazameni hii:

"Where is the key?," She asked.

Alama ya kuuliza ikishakaa, koma haina kazi tena, iondoke. Na She iwe she, kwa sababu kilichoishia pale ni swali la msemaji, sentensi yenyewe bado inaendelea. Simu nazo zinachangia: ukishaandika alama ya kuuliza, nyingi hukuletea herufi kubwa bila kuombwa. Kama msemaji haulizi wala hashangai, koma hukaa mahali pa nukta, tena ndani ya alama:

"The key is lost," she said.

Kazi kubwa iko pale msimulizi anapoingia katikati ya maneno ya msemaji. Linganisheni:

"If it rains," said Juma, "we shall stay here."

"It is raining," said Juma. "We shall stay here."

Ondoeni said Juma, msome kilichobaki. Ya kwanza inabaki sentensi moja, kwa hiyo ni koma baada ya Juma na we ya herufi ndogo. Ya pili zinabaki sentensi mbili, kwa hiyo nukta, kisha We. Wengi huweka koma kotekote, sentensi mbili zikagandana.

Lipo na la that: He said that "I am tired." Mwanafunzi anaandika alivyozoea kusikia, "alisema kwamba mimi nimechoka." Achague moja: He said, "I am tired." au He said that he was tired, bila alama za kunukuu kabisa.

Alama ya kuuliza ya mwishoni inafuata mwenye swali. She asked, "Are you coming?" Anayeuliza ni msemaji, inabaki ndani. Did she say, "I am coming"? Anayeuliza ni mwandishi, inatoka nje, na nukta ya msemaji haiandikwi.

Kuhusu alama moja au mbili za kunukuu, tusiwanyime watoto maksi. Vitabu vingi vya Uingereza huanza na moja, na nukuu iliyo ndani ya nukuu hupewa mbili; Marekani ni kinyume chake. Kuchanganya mitindo hiyo katika insha moja ndilo kosa.

Mwisho ni aya. Msemaji akibadilika, aya mpya, hata jibu likiwa No tu. Watoto hubana mazungumzo ya watu watatu katika aya moja kuokoa karatasi, na msomaji hajui nani kasema nini. Msemaji yuleyule akiendelea hadi aya ya pili, alama hufunguliwa upya mwanzoni mwa aya hiyo, lakini mwishoni mwa ile ya kwanza haifungwi.

Walimu wa Kiingereza,
Tanga