"Matundu mawili na kifuniko": kwa nini bloku ya maji ya prosesa ina bei ile

Ujumbe umekuja tena karakanani kwetu, safari hii kwa ukali: "Kopa nimenunua mwenyewe, nyie mmetoboa matundu mawili mkafunga kifuniko, halafu mnanidai hela ya kununulia feni tatu." Aliyeandika si wa kwanza. Wengine hata hawaandiki, wanaondoka kimya kwenda kutafuta fundi wa nusu bei hapa hapa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Kwa simu tumeshaeleza sana. Leo tunaandika, ili kila anayekuja kuchongesha bloku ya maji ajue hela yake inakwenda wapi kabla hajatoa hata mia.

Bloku ni kipande cha kopa (shaba) kinachokaa juu ya prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta. Maji yanapita ndani yake, yanabeba joto kwenda kwenye rejeta, na feni inalipuliza nje. Prosesa kama Core i7-13700K ya Intel ikiachiwa ikimbie kwa nguvu zote inaruhusiwa kula hadi wati 253, na chipu inayotoa joto hilo, ukiivua kofia yake, haifiki sentimita tatu za mraba. Pasi ya umeme ya wati 1000 inatawanya joto lake kwenye bamba zima la kunyooshea nguo. Prosesa haina nafasi hiyo. Joto limerundikana sehemu ndogo na linatakiwa litoke sasa hivi.

Wateja wengi wanadhani dawa ni maji mengi, kwa hiyo swali la kwanza huwa ni pampu kubwa. Piga hesabu: maji yanayokwenda lita nne kwa dakika, yakibeba wati 250, yanapanda joto kwa chini ya nyuzi moja tu. Maji yanatosha kabisa. Kinachosumbua ni kulitoa joto kwenye kopa na kuliingiza kwenye maji, na hapo kinachoamua ni eneo ambalo maji yanaligusa na wembamba wa njia yanamopita.

Sasa chukua ile bloku ya "matundu". Toboa matundu matatu ya milimita 8, kando kwa kando, kwenye eneo la milimita 30 kwa 30. Maji yatagusa kopa kwenye milimita za mraba kama 2,260. Kwenye eneo lile lile kata mifereji ya nusu milimita, acha ukuta wa nusu milimita katikati yake, shuka kina cha milimita 3: unapata mifereji 30, na eneo linalogusa maji linafika kama 5,850. Tena kwenye tundu la milimita 8 maji ya katikati yanapita bila kukaribia ukuta, yanatoka karibu kama yalivyoingia. Kwenye mfereji wa nusu milimita hakuna tone lililo mbali na kopa zaidi ya robo milimita.

Hili halikubuniwa na wauza vifaa vya gemu. Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga mifereji ya upana wa mikroni 50 hivi (mikroni 1000 ni milimita moja) kwenye silikoni yenyewe, ile inayotengenezewa chipu, wakapitisha maji, wakaondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba. Milingi yetu, mashine ya kuchongea chuma, haifiki mikroni 50. Nusu milimita tunaifikia, na tunaisimamia mfereji mmoja baada ya mwingine.

Hapo ndipo saa zinapokwenda. Kopa safi ni laini na inanata. Chipsi zake hazikatiki kama za chuma, zinajikunja na kujaa ndani ya mfereji, na msumeno wa duara wenye unene wa nusu milimita ukibanwa kidogo tu unapinda, kisha unapasuka. Ukipasukia mfereji wa ishirini na tano unaweza kuondoka na kuta za jirani, na kipande chote kinakwenda skrepa. Kwa hiyo fundi anakwenda taratibu, mafuta ya kukatia yanamwagika muda wote, kina kinashushwa kidogo kidogo. Mteja aliyesimama mlangoni anaona mtu ametulia mbele ya mashine, anasema "mbona hafanyi kitu?" Anafanya, bosi. Akiharakisha unalipia msumeno mwingine na kopa nyingine.

Kuhusu kopa ya kuleta mwenyewe. Hatukatai, ila tunaipima kwanza. Kopa bora inayopatikana kirahisi mjini ni basibaa, ile bapa inayofungwa ndani ya paneli za umeme. Ni kopa karibu safi, na ya unene wa milimita 10 inatosha bloku nzima. Kijana mmoja alituletea kipande kizito kinachong'aa, kimetoka kwenye valvu ya zamani, kwa muuza skrepa aliyemhakikishia kwamba ni kopa. Tulipokwaruza rangi ikatoka ya manjano. Brasi, yaani kopa iliyochanganywa na zinki. Kopa safi inapitisha joto kwa kiwango cha karibu 390 hadi 400 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi. Brasi ya kawaida ni kama 120. Tulimwambia, akakasirika, akasema tunataka kumuuzia ya kwetu. Alikwenda kuchongesha kwingine. Baadaye alirudi na bloku yake mkononi, prosesa inagonga nyuzi 100 na kujipunguza kasi yenyewe, na akanunua basibaa. Amelipa ufundi mara mbili kwa kitu ambacho mkwaruzo wa sekunde ungemwokolea.

Uso wa chini nao una maneno mengi. Watu wanapenda ung'ae kama kioo. Sisi tunataka uwe bapa, na mambo hayo mawili hayaendi pamoja kila mara. Kuna mhariri wa video za harusi, mtu wa Sinza, alichukua bloku yetu ikiwa tayari, akaona mistari ya msasa chini yake, akadhani hatukumaliza kazi. Akampelekea rafiki yake mwenye grenda na gurudumu la kung'arishia. Ilirudi inang'aa kweli, unaona uso wako humo. Tukaweka rula ya chuma juu yake, tukashika tochi nyuma: mwanga unapita pembeni zote mbili. Gurudumu linakula kingo na kuacha katikati pamenyanyuka. Pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na bloku, kazi yake ni kujaza vitundu visivyoonekana kwa macho, haiwezi kujaza mlima na bonde. Tuliirudisha kwenye kioo kinene cha meza, msasa namba 400 hadi 1000, maji na sabuni kidogo, kwa mkono, tukibadilisha upande kila mara. Ikabaki na mistari ile ile, na kompyuta yake ikatulia.

Muhuri hatuupuuzi pia. Tunachonga mfereji wa oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji kuvuja: kwa oringi ya milimita 2 kina kinakuwa karibu milimita moja na nusu, ili ikibanwa ijae bila kukatika. Wapo wanaotuomba tuache huo mfereji, watapaka silikoni wenyewe nyumbani ili bei ishuke. Silikoni inaziba, sikatai. Lakini ile inayofurikia ndani wakati wa kukaza inakatika vipande vidogo, vinakwenda moja kwa moja kwenye mifereji ya nusu milimita. Umelipia mifereji, kisha umeiziba.

Halafu kuna niplo, kiungio cha mpira wa maji kinachofungwa kwenye bloku. Bloku za prosesa zinatumia uzi wa G1/4, ambao ni robo inchi ya BSP (kipimo cha Uingereza cha uzi wa mabomba) iliyonyooka, meno 19 kwa inchi. Kwenye duka la mabomba wanakupa niplo ya robo inchi yenye uzi unaotanuka kuelekea nyuma, unaizungushia tredi tepu, unakaza, inakaza vizuri sana. Kama kifuniko ni cha paspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, imekwisha: uzi ule unatanua tundu kama kabari na ufa unaanzia hapo, wakati mwingine siku hiyo hiyo, wakati mwingine usiku ukiwa umelala na kompyuta inarenda, yaani inatengeneza video. Tumepokea vifuniko vilivyopasuka namna hiyo kutoka kwa watu waliokuwa wakituambia "bloku yenu inavuja". Paspeksi pia msiifute kwa spiriti, inafanya nyufa nyembamba kama utando.

Lakini njia ya mkato inayotuuma kuliko zote ni hita ya gari. Wazo lenyewe si baya. Magari yanayotoka Japani yanakuja na rejeta ndogo ya kupasha ndani moto, Dar hakuna anayeihitaji, na kwa wauza spea zilizotumika inapatikana kwa bei ndogo sana. Ukubwa wake unafaa, mpira unaingia, feni inakaa. Kasoro ni kwamba nyingi ni za alumini, na bloku ni kopa. Ukiziunganisha kwa maji yale yale, alumini ndiyo inayoliwa: chembe za kopa zinazoyeyuka kwenye maji zinakwenda kutua kwenye alumini, na kila zilipotua panachimbika. Mwenye chumba cha gemu alituletea mashine yake akilalamika bloku imeziba. Tulipofungua, mifereji imejaa ute mweupe mzito. Ute huo haukutoka kwenye kopa, ni alumini ya hita yake iliyooza ikasafirishwa na pampu hadi kwenye njia nyembamba kuliko zote. Hita yenyewe ilikuwa imetoboka, maji yamedondokea pawasaplai, kile kisanduku cha umeme cha kompyuta. Alitaka tumrudishie hela ya bloku. Tuliisafisha bure, lakini hela hatukurudisha, na hata leo tusingerudisha. Kulenti ya gari, yale maji ya rejeta yenye dawa ya kutu, inachelewesha uozo huo, haiufuti. Tafuta rejeta ya kopa au brasi. Za magari ya zamani bado zipo kwa wauza spea. Kwaruza uone rangi. Sumaku haitakusaidia, haishiki yoyote kati ya hizo.

Maji: si ya bomba, na hasa si ya kisima, visima vingi vya mjini vina chumvi. Tumia maji ya betri, ila soma chupa mara mbili, kwa sababu tindikali ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo, kwenye chupa zinazofanana. Ongeza kulenti kidogo kwa ajili ya kutu na ukungu, na uiweke mbali na watoto, ni sumu.

Na barafu, jamani, barafu hapana. Kila msimu wa joto kuna anayetupigia kuuliza kama anaweza kupitisha mpira kwenye friji. Hewa ya pwani imebeba maji. Kitu chochote cha ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi kinatoa jasho, na jasho la bloku linadondokea kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Maji ya mzunguko hayawezi kuwa baridi kuliko chumba, na hayahitaji kuwa.

Turudi kwenye bei. Kopa ni sehemu ndogo yake. Mnalipia saa za milingi, misumeno inayokufa, mkono wa kusugua, na jaribio la mwisho: kila bloku inajazwa upepo wa psi 7, inazamishwa kwenye ndoo, kisha inaunganishwa na pampu yetu na kuzungushwa usiku kucha juu ya karatasi kavu, nje ya kompyuta. Doa moja kwenye karatasi, haitoki karakana. Fundi wa nusu bei mwulize jambo hilo moja tu: unapima vipi? Na kama prosesa yako ni ya wati 65, tutakwambia ukanunue feni nzuri ya mnara, isiyotumia maji, uende zako. Tumeshawarudisha watu wengi hivyo.

Ukija, njoo na jina kamili la prosesa na aina ya soketi, yaani pale inapokaa kwenye madabodi. Soketi ya LGA1200 matundu yake ya skrubu yako milimita 75 kwa 75, LGA1700 ni 78 kwa 78, AM4 na AM5 ni 54 kwa 90, na bracketi (kishikizo cha bloku) ya kipimo kimoja haikai kwenye kingine. Njoo na bracketi uliyonayo. Kama umeshanunua rejeta, ibebe pia, tuikwaruze pamoja hapo mezani kabla hatujakata chochote. Bei tunaiandika kwenye karatasi siku hiyo hiyo, na haibadiliki isipokuwa ukibadilisha mchoro.