AI haikuzaliwa mwaka 2022

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na barua huwa siandiki, ila ile makala yenu ya akili mnemba (wengine wanaita akili bandia, wengine akili unde, yani hata jina hatujakubaliana) imenikera. Mmeandika ati AI imeanza Novemba 2022 ilipotoka ChatGPT. Jamani! Hio ni sawa na mtu kusema mvua imeanza kunyesha leo kisa leo ndo kalowa. Alafu aya ya tatu mnaitaja Deep Blue, ile kompyuta iliyomfunga bingwa Kasparov kwenye chesi mwaka 1997, sa kama kitu kimeanza 2022 hio Deep Blue ilitokea wapi?

Jina la Kiingereza, artificial intelligence (ndo hiyo AI), lilikuwa kwenye ombi la hela za mkutano ambalo mtafiti John McCarthy na wenzake watatu waliliandika 1955, na mkutano wenyewe ukafanyika chuo cha Dartmouth, Marekani, kiangazi cha 1956. Waliandika kwamba watu 10 wakikaa miezi miwili watapiga hatua kubwa. Miezi miwili! Na kabla yao mwanahisabati Mwingereza Alan Turing 1950 alishauliza kama mashine inaweza kufikiri, akaona swali lenyewe halishikiki akaligeuza kuwa mchezo, unachati kwa maandishi na usiyemwona alafu ubashiri ni mtu au mashine.

Kingine mmechanganya matawi ya AI, mmeyatia yote kapu moja. Toka mwanzo kulikuwa na kambi mbili kubwa na hazikupendana sana. Kambi ya kwanza ilisema akili ni kanuni, mchukue mtaalamu, muulize anavyofikiri, andika "ikiwa hivi na hivi, basi hivi". Ndo ikatoka programu ya MYCIN kule chuo cha Stanford miaka ya 1970, kanuni kama 600 za kutambua maambukizi ya bakteria na kupendekeza dawa. Ilifanya vizuri kwenye majaribio lakini hospitalini haikuwahi kutumika kwa kazi. Kambi ya pili ikasema hapana, tusiiandikie kanuni, tuiache ijifunze. Frank Rosenblatt alileta perseptroni, mashine ya kujifunza, mwishoni mwa miaka ya 1950, na wazo lake ni jepesi ajabu: unaipa picha, inakisia, ikikosea unazisogeza namba zake kidogo, unaipa nyingine, unasogeza tena, hivo hivo mpaka makosa yapungue. Sa 1969 watafiti Minsky na Papert wakaonyesha kwa hesabu kwamba perseptroni ya tabaka moja tu la namba hizo haiwezi hata kujifunza "hiki au kile lakini sio vyote viwili", kitu ambacho mtoto anakielewa, na hamu ya watu pamoja na hela vikapungua. Wazo hilo likarudi kwa kishindo 1986, safari hii kwa mitandao ya matabaka mengi, alafu 2012 vijana wawili na mwalimu wao Hinton huko Toronto wakatumia mtandao wa namna hiyo kushinda shindano la kutambua picha kwa makosa kama 15% wakati wa pili alikuwa na 26%, tena kwa kadi mbili za grafiki, zile za kuchezea gemu kabisa. ChatGPT imetoka kwenye kambi hii ya pili. Deep Blue wala, ile ilikuwa inapekua mikao ya chesi kama milioni 200 kwa sekunde, hiyo ni kutafuta sio kujifunza. AlphaGo, programu iliyomshinda bingwa Lee Sedol 4-1 kwenye mchezo wa Go mwaka 2016, ndo ilichanganya vyote viwili. Maroboti sigusi, hayo yanataka barua yake.

Ila kilichonifanya niandike hasa ni ule mstari wa mwisho, kwamba "kwa mara ya kwanza" watu wanaimwagia kompyuta siri zao. Mara ya kwanza? Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitoa maelezo ya programu yake ya kuchati, ELIZA, mwaka 1966. Ilikuwa haielewi chochote, ukiandika sentensi yenye neno "mama" inakujibu niambie zaidi kuhusu familia yako, ikikosa neno inalolijua inasema tu endelea. Basi. Na katibu wake, ambaye alimwona kwa macho yake akihangaika nayo miezi na miezi, yani alijua fika ni programu, alianza kuchati nayo na baada ya majibizano machache tu akamwomba bosi atoke chumbani awaache wawili.

Naomba toleo lijalo mrekebishe hata huo mstari mmoja, ule mwaka 2022 nao mkipata nafasi.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi