Malalamiko kuhusu safari yetu ya fungate katika Mto Nile, 11–15 Desemba 2025

Nyegezi, Mwanza
5 Januari 2026

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: CHUMBA TULICHOLIPIA NA CHUMBA TULICHOPEWA MELINI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2025 hapa Mwanza. Siku tano baadaye tulipanda meli ya kitalii mjini Luxor, Misri, kuelekea Aswan, kwa safari ya siku tano tuliyoinunua kwenu. Nimekaa wiki tatu kabla ya kuandika, kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Hasira imepungua. Lalamiko liko palepale.

Hii ilikuwa mara yetu ya kwanza kupanda meli ya namna hiyo. Nimekulia Sengerema, na vyombo vya majini nilivyovijua ni kivuko cha Kigongo–Busisi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka jana, na meli ya usiku ya kwenda Bukoba. Aliyeitaka safari ya Nile ni mimi. Nafundisha jiografia sekondari, na kwa miaka tisa nimeuchora mto huo ubaoni kuanzia Jinja, unakotokea ziwani kwetu, hadi Bahari ya Mediteranea. Nawaambia wanafunzi kwamba una urefu wa kilomita zipatazo 6,650, na kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka milima ya Ethiopia. Wanafunzi wa Mwanza hawapendi kuisikia hiyo sentensi ya pili. Wanaona Nile ni maji yao, na moyoni mimi pia naona hivyo. Mume wangu alilijua hilo, ndiyo maana aliposikia watu wakitaja Serengeti au Zanzibar kwa ajili ya fungate alisema hapana, mke wangu ataenda kuuona mto wake.

Gharama za harusi zilitoka kwenye kamati na michango ya ndugu na marafiki. Kwa fungate hatukumchangisha mtu. Tuliweka wenyewe, yeye kwa kazi yake ya ufundi umeme na mimi kwa mshahara wa ualimu, kwa miezi 16, hadi zikatimia shilingi 11,400,000 mlizotutaka kwa ndege, siku mbili za Cairo na meli. Ndani ya fedha hizo mlitutoza shilingi 1,150,000 za ziada kwa kile mlichokiita chumba cha fungate: ghorofa ya juu, kitanda kimoja kikubwa, dirisha refu linaloangalia mto. Tulisita. Mume wangu aliuliza kama tofauti ya vyumba ina maana yoyote kwa watu watakaoshinda nje wakitembelea mahekalu. Dada wa mauzo akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ambao bado ninao: "Usihofu dada yangu, asubuhi unaamka, unafungua pazia ukiwa kitandani, Nile hiyo hapo." Tukalipa siku hiyohiyo.

Tulifika melini tarehe 11 saa saba mchana. Mapokezi walituongoza kushuka ngazi, si kupanda. Chumba kilikuwa sitaha ya chini kabisa, jirani na injini, kikiwa na vitanda viwili vyembamba na katikati yake kijimeza kilichokazwa sakafuni kwa skrubu. Dirisha lilikuwa dogo na la juu kidogo tu ya maji.

Nilifungua pazia. Hatua moja kutoka kwenye kioo chetu kulikuwa na kioo kingine, na nyuma yake mzee mmoja aliyevaa fulana ya ndani, akipiga mswaki. Tulitazamana. Yeye alishtuka, nami nikashtuka, na wote wawili tukavuta mapazia kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ninyi mnalijua na sisi hatukuambiwa: gati za Luxor zina meli nyingi kuliko nafasi, hasa Desemba, kwa hiyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, nne au tano, na abiria wa meli ya nje hupita kwenye sebule za meli za ndani ili kufika nchi kavu. Sisi tulikuwa wa pili kutoka ukingoni. Kulia ukuta wa meli, kushoto ukuta wa meli.

Pazia lile halikufunguliwa tena hadi meli ilipoondoka siku iliyofuata. Mchana tuliwasha taa. Usiku jenereta ya meli jirani ilinguruma hadi alfajiri, na moshi wa dizeli ukawa unapenya pembeni mwa dirisha. Nililowanisha kanga, moja ya zile nilizopewa na shangazi yangu siku ya kufundwa, nikaikunja na kuichomeka kwenye upenyo. Asubuhi ilikuwa na mstari mweusi wa masizi kutoka pindo hadi pindo. Nimeifua mara tatu. Mstari bado upo.

Nitaandika na hili, ingawa naona haya kuliandika kwa mtu nisiyemjua. Vitanda havikuweza kusogezwa. Mume wangu alijaribu, kijana wa usafi akaja kumsaidia, wakashindwa. Mwishowe magodoro yakashushwa sakafuni, na ndivyo tulivyolala usiku wote wanne, juu ya sakafu iliyotetemeka kila injini ilipowashwa. Kwetu fungate si likizo ya kawaida ambayo ikiharibika mtu anapanga nyingine mwakani. Ni siku za kwanza za nyumba mpya, na watu wazima waliotufunda walituambia tuzitunze.

Ningeweza kuamini kwamba meli ndiyo iliyokosea, na kwamba ninyi mlidanganywa kama sisi. Nilikuwa tayari kuamini hivyo. Usiku wa kwanza mume wangu alipanda mapokezi kuomba tubadilishiwe, hata kwa kuongeza fedha. Meli ilikuwa imejaa. Msimamizi, mtu mwenye adabu, alitoa faili na kutuonyesha karatasi ya uthibitisho yenye majina yetu yote mawili. Iliandikwa sitaha ya chini, vitanda viwili. Ilikuwa imepokelewa kutoka ofisi yenu tarehe 20 Novemba 2025, siku ishirini na moja kabla hatujapanda. Alituruhusu kuipiga picha.

Mlijua, Ndugu Meneja. Tarehe 20 Novemba mlijua, na tarehe 24 Novemba mlipokea malipo yetu ya mwisho. Tarehe 2 Desemba dada wa mauzo alinitumia ujumbe wa kunipongeza kwa harusi. Kati ya siku hizo zote hakuna aliyeona sababu ya kutuambia kwamba chumba hakipo. Mngesema, tungechagua: kurudishiwa ziada yetu, kubadili meli, au kuahirisha hadi likizo ya Juni. Mlituondolea nafasi ya kuchagua, na kwangu hilo ni zito kuliko godoro la sakafuni.

Jambo la pili ni hekalu la Abu Simbel. Tuliilipia pekee, shilingi 620,000 kwa watu wawili, na imo kwenye ratiba yenu kwa siku ya tarehe 14. Nilitaka kuiona kuliko hekalu lolote. Huwa nawafundisha wanafunzi kuhusu Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, na namna maji ya Ziwa Nasser yalivyotishia kuifunika kazi ile ya Farao Ramesses II, hadi mlima ukakatwa vipande na hekalu kuhamishiwa juu kati ya mwaka 1964 na 1968. Sanamu nne za mita 20 zilibebwa vipande vipande na kupangwa upya. Darasa langu lilisubiri picha nitakayopiga mwenyewe.

Kutoka Aswan ni kilomita zipatazo 280 za jangwa, na magari huondoka kabla ya mapambazuko. Tulikuwa sebuleni saa tisa na nusu usiku, tukiwa na maboksi ya kifungua kinywa magotini. Gari likaja. Dereva akasoma majina, akasoma tena, kisha akampa mume wangu karatasi aisome mwenyewe. Hatukuwemo. Mwongoza watalii alipiga simu Cairo hadi saa mbili asubuhi ndipo akajibiwa kwamba nafasi zetu hazijalipiwa. Kesho yake tulikuwa na ndege ya saa tano asubuhi, hivyo haikuwezekana tena. Tulirudi chumbani na maboksi yetu, tukala mayai ya baridi tumekaa juu ya magodoro.

Kuhusu bakshishi nitasema kwa kifupi. Risiti yenu imeandikwa "kila kitu kimelipiwa". Siku ya nne tulipewa bahasha na kuambiwa ni desturi, dola 10 kwa mtu kwa kila usiku wa melini, yaani dola 80 kwetu sote. Tulilipa, kwa sababu wale vijana walifanya kazi na hawakuwa na kosa. Lakini ni dola tulizokuwa tumeziweka kwa zawadi za wazazi, na mlipaswa kutuambia kabla hatujaondoka nyumbani.

Sitaki kuwaonea, kwa hiyo nitasema pia kilichokuwa kizuri. Chakula kilikuwa kizuri na kingi. Kijana wa usafi, baada ya kuona hali ya chumba, alituletea maua ya plastiki kutoka mezani na kukunja taulo zikawa bata wawili. Na tarehe 13, kati ya Edfu na Kom Ombo, meli ilitembea mchana, nasi tukakaa sitaha ya juu kwa saa nyingi bila kusema kitu. Niliona kwa macho yangu kile ninachokichora ubaoni: maji, kisha ukanda mwembamba wa mitende na mashamba ya miwa, kisha jangwa likianza ghafla, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Mkulima mmoja alikuwa akimwosha punda wake ukingoni, na nyuma yake, umbali mfupi tu, hapakuota hata jani. Mume wangu alinishika mkono akaniuliza kama ndivyo nilivyotarajia. Nilimwambia ni zaidi. Kisha jua likachwa, upepo ukawa wa baridi, watu wakashuka vyumbani mwao, nasi hatukutaka kushuka chumbani mwetu. Tulibaki pale tumejifunika taulo za bwawa la kuogelea hadi tulipofika Kom Ombo.

Niliporudi nilipiga simu ofisini kwenu tarehe 18 Desemba. Niliambiwa kwamba mambo ya meli yako nje ya uwezo wenu na kwamba, "hata hivyo mlifika salama na mliuona mto". Kama upepo au kina cha maji kingetuzuia, nisingeandika barua hii. Mtu wa ziwani anajua chombo kinaweza kuchelewa. Karatasi ya tarehe 20 Novemba haikuletwa na upepo, na kutolipia Abu Simbel kulifanyika ofisini kwenu.

Tunaomba mturudishie shilingi 1,150,000 za chumba tusichopewa, shilingi 620,000 za Abu Simbel tusikopelekwa, na dola 80 za bakshishi kwa thamani yake ya siku tuliyolipa. Vilevile tunaomba maelezo ya maandishi, yenye saini yako, yakieleza nani alipokea uthibitisho wa tarehe 20 Novemba na kwa nini hatukuarifiwa. Hatukudai fidia ya fungate, kwa kuwa hatukupata kiasi ambacho tungeweza kukiandika bila kujisikia tunaiuza. Hilo la maelezo mume wangu alisema lisiachwe hata kama fedha zitarudi zote.

Tumeambatanisha nakala za risiti zote mbili, ratiba yenu, picha ya karatasi ya uthibitisho, picha za chumba na dirisha, na ujumbe wa sauti ule tumeutuma kwa barua pepe leo hii. Kanga ninayo nyumbani mkitaka kuiona.

Tutasubiri hadi Jumatatu ya tarehe 26 Januari 2026. Tusipopata jibu, tutapeleka vielelezo hivihivi Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa, na nakala tutaituma Wizara ya Maliasili na Utalii. Tungependa zaidi mlimalize wenyewe.

Namba zetu za simu ni zilezile zilizo kwenye fomu. Shule zikifunguliwa sitapokea simu kabla ya saa tisa alasiri. Mpigieni mume wangu, naye anaijua kila hatua ya jambo hili.

Wateja wenu,
Mke na mume, Nyegezi, Mwanza