Wakili wa utetezi si rafiki wa wezi

Mhariri,

Naandika kuhusu lawama wanazotupiwa mawakili wa kujitegemea wenye ofisi ndogo hapa Kigoma, wanaotetea washtakiwa wa jinai. Huitwa marafiki wa wezi, na hilo linaniuma. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mvuvi wa Ujiji asiyejua kuhoji shahidi atalindwaje na ibara hiyo akiwa peke yake kizimbani? Baadhi ya mawakili hao huwaelimisha majirani kuhusu dhamana bila malipo.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa anahitaji msaada huo. Naomba mahakimu waitumie zaidi, na wakili anayepangiwa kesi alipwe kwa wakati.

Msomaji,
Ujiji, Kigoma