Malalamiko kuhusu turbo mliyotuuzia kuwa imetengenezwa upya

Lubumbashi, tarehe 19 Agosti 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kampuni

Bwana Mkurugenzi,

Nimelisoma jibu lenu mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Mnasema turbo mliyotuuzia, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya mota, ilikufa kwa kukosa mafuta ya kulainisha, kwamba iliyakosa kwa sababu ilifungwa na "vijana wa kujaribujaribu", na kwamba kwa vile gari linafanyiwa mabadiliko, garanti imekwisha. Napinga yote matatu. Naomba mnirudishie pesa zangu na mlipe hasara iliyofuata. Ushahidi wangu mkubwa uko kwenu wenyewe, ndani ya kisanduku chenye vipande vya turbo hiyo, kilichobaki juu ya meza ya atelie yenu.

Gari ni Land Cruiser HDJ80 yenye mota (injini) ya 1HD-T, silinda sita, sentimita za ujazo 4164, ile iliyoanza kutoka mwaka 1990 ikiwa na turbo tangu kiwandani. Lilikuwa la misheni moja upande wa Kipushi, likaachwa chini ya mwembe mpaka matairi yakaoza. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mdogo wangu amemaliza shule ya ufundi na hajapata kazi. Tulilinunua ili tulifufue kwa mikono yetu, na ni kweli kwamba ni gari letu la kwanza. Sikuficha. Nilimwambia muuzaji wenu siku ile ile nilipoingia dukani, naye akasema wateja kama sisi ndio anaowapenda kwa sababu wanauliza maswali.

Wengi walitushauri tuanze na kitu chepesi, Corolla ya esansi (petroli) kwa mfano. Sikujutia kuchagua hili. Pampu yake ya mazuti (dizeli) inaendeshwa na springi na vyuma, hakuna kompyuta ya kubembeleza, na ugonjwa wake mkubwa unajulikana na kila aliyewahi kuifungua 1HD-T: beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. Kabla hujaota nguvu, unashusha karteri, lile beseni la mafuta chini ya mota, na kuzibadilisha. Ndivyo tulivyofanya. Tuliweka mpya zote, tukapima nafasi ya kila moja, tukakaza kwa spana ya kipimo, hatua kwa hatua, mdogo wangu akisoma namba kwa sauti na mimi nikiziandika daftarini. Daftari hilo lipo. Naweza kulileta mbele ya fundi yeyote mtakayemchagua.

Mpango wa mabadiliko upo, sikatai. HDJ80 ilitoka kiwandani bila intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nasi tunataka kuiwekea moja, tufunge na kipimo cha joto la moshi, kisha ndipo tuongeze mazuti kidogo. Lakini siku turbo yenu ilipokufa, intakula ilikuwa bado ndani ya katoni yake. Skrubu ya mazuti kwenye pampu haijaguswa. Kile kikofia cha kiwandani kinachoizuia kiko mahali pake. Westigeti, kile kilango kinachozuia shinikizo la turbo lisizidi, haijaguswa. Mota ilikuwa na zile nguvu zake za farasi wapatao 160 ilizozaliwa nazo, na kwa umri wake huenda zimepungua. Fundi wenu aliliona gari na kuinama juu ya pampu kwa tochi. Basi hayo mabadiliko yaliyoua turbo ni yapi? Jibu lenu halitaji hata moja.

Turbo ya zamani, CT26, ilikuwa na mchezo kwenye shafti, yaani shafti ililegea, tukaona tusibahatishe. Mkatupa sharti: tuwaachie yetu, tuongeze dola 480, tuchukue nyingine iliyo tayari. Faktire (ankara) yenu inasema wazi: imetengenezwa upya, beringi na sili mpya, imebalansiwa, mchezo wa shafti kwenda mbele na nyuma usiozidi milimita 0.1, garanti miezi sita. Nilipoomba karatasi ya mashine ya balansi niliambiwa itatumwa kesho yake. Haijafika hadi leo.

Sasa niseme jinsi tulivyoifunga, kwa maana hapo ndipo mnapotushitaki. Bomba la kuleta mafuta tulinunua jipya, na ile bolti yake yenye tundu tuliisafisha mpaka mwanga ukapita. Bomba la kurudisha mafuta linashuka moja kwa moja hadi kwenye mota bila kukunjwa. Hatukupaka silikoni popote kwenye njia ya mafuta, kwa sababu tunajua kipande kidogo cha silikoni kinatosha kuziba. Tulimimina mafuta ndani ya tundu la turbo tukazungusha shafti kwa kidole. Kisha tukachomoa waya wa kukata mazuti ili mota isiwake, tukapiga stata kwa vipindi mpaka mafuta yakaanza kutoka kwenye bomba la kurudi. Hapo tu ndipo tuliporudisha bomba na kuwasha, na mota ikaachwa ikinguruma polepole bila kukanyagwa. Yote haya yamepigwa video kwa simu ya jirani. Mnayo, niliwatumia. Nasema kwa uhakika kwamba kuna magaraji mengi makubwa hapa mjini yasiyojisumbua nusu ya hayo.

Filta ya hewa nayo ilikuwa mpya. Anayeishi Lubumbashi anajua vumbi jekundu la mwezi wa nane. Tulikagua kila mpira na kila klipu kuanzia filta hadi turbo, na ndani ya bomba lile kitambaa cheupe kilitoka cheupe.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Tulilizungusha mjini, mwendo wa taratibu, bila mzigo. Siku tulipolitoa kwenye barabara ya Likasi kwa mara ya kwanza, tukiwa tunarudi, turbo ikaanza kulia kama king'ora cha ambulansi, sauti ikipanda na kushuka pamoja na mota. Mdogo wangu akapunguza mwendo mara moja. Tuliingia kartie yetu polepole. Mita chache kabla ya nyumbani moshi wa buluu ukajaa barabarani, na mota ikapanda kasi yenyewe. Hakuna aliyekanyaga. Mdogo wangu akazima ufunguo. Mota ikaendelea kupanda.

Bwana Mkurugenzi, ninyi mnaijua hali hiyo kuliko mimi. Mota ya mazuti haihitaji cheche. Shafti ya turbo ikilegea, mafuta ya mota yanapita sili, yanaingia upande wa hewa, yanakwenda hadi kwenye silinda, na mota inayachoma kama mazuti. Ufunguo unakata mazuti ya pampu tu; hauwezi kukata mafuta yanayoingia kwa njia ya hewa. Mota inakula mafuta yake yenyewe na kuongeza kasi mpaka yaishe au kitu kipasuke. Watoto walikuwa wanacheza mpira mbele yetu. Mama mmoja alikuwa na meza yake ya mikate ukingoni. Nilishuka nikipiga kelele watu waondoke, na mdogo wangu akafanya lile alilofundishwa: akatia gia ya tano, akabana breki kwa nguvu zake zote, akaachia klachi ghafla. Gari likaruka, likatetemeka, likazima. Ana umri wa miaka 19. Huyo ndiye mnayemwita kijana wa kujaribujaribu.

Hatukuifungua turbo. Nasisitiza hilo kwa sababu barua yenu inadokeza kwamba "huenda" tulichokoachokoa. Tuliileta nzima, na ilifunguliwa kwenu, juu ya meza yenu, na fundi wenu, mimi na mdogo wangu tukiwa tumesimama kando yake na simu ikipiga picha. Mlikuwa mmeipaka rangi ya fedha, na rangi hiyo ilipita juu ya bolti na juu ya maungio yote. Ilipasuka mbele yetu spana ilipoanza kuzunguka. Kama sisi tungeifungua kabla, rangi isingekuwa nzima.

Kilichoonekana ndani nakieleza tena, maana jibu lenu limekiruka. Turbo iliyokosa mafuta hujionyesha: shafti hubadilika rangi kuwa ya buluu kwa joto, na chuma laini cha bushi zinazoibeba huyeyuka na kuganda juu yake. Shafti hii ilikuwa nyeupe kutoka mwisho hadi mwisho, na mafuta yalidondoka mezani yalipotolewa. Kama ni uchafu ndani ya mafuta, bushi zingekuwa na mikwaruzo ya duara, hazikuwa nayo. Kama ni kitu kilichoingia kwa njia ya hewa, ncha za mbele za feni zingekuwa zimevunjika. Zilikuwa nzima, bali kingo zake zilisaga nyumba ya turbo upande mmoja. Na kama tungeipandisha kasi kupita kiasi, mgongo wa feni ungekuwa na mikunjo kama ganda la chungwa. Ulikuwa laini.

Kilichokuwepo ni hiki. Ile beringi ya ubapa inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma ilikuwa imelika, na mifereji ya kulika kwake ilikuwa imejaa ukoko mweusi, mgumu kiasi kwamba fundi wenu aliukwangua kwa ncha ya bisibisi. Ukoko wa namna hiyo ni mafuta yaliyoungua na kuganda kwa miaka. Hauwezi kujengeka katika safari zile chache za mjini. Ukoko huo huo ulikuwa ndani ya nyumba ya beringi, chini ya rangi yenu mpya. Nati ya feni ilikuwa na kutu ya zamani, na hapakuwa na alama hata moja mpya ya kusagwa, si kwenye nati wala mgongoni mwa feni, ya kuonyesha kwamba chuma kilipunguzwa ili kupata balansi. Fundi wenu kabla ya kufungua alipima mchezo wa shafti kwa kipimo chenye uso kama wa saa. Mshale ulionyesha milimita 0.4. Picha ninayo. Aliitazama, akanitazama, akasema ataandika ripoti. Ripoti hiyo sijaonyeshwa. Nilichopokea ni barua yenu ya kutulaumu.

Kwa kitu ambacho shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando wa mafuta ndani ya bushi, mlichotuuzia ni chuma cha zamani kilichooshwa nje na kupakwa rangi. Sitaki kuamini kwamba Bwana Mkurugenzi alijua. Lakini sasa unajua.

Na hili la uzoefu niliseme waziwazi. Kwamba gari ni letu la kwanza, ni habari juu yetu. Haiwezi kuwa sababu ya beringi kulika. Mngeniletea alama moja ya shafti iliyoungua ningenyamaza. Hamkuileta, mkaweka umri wa mdogo wangu mahali pa ushahidi. Tangu barua hiyo ifike amekaa siku nyingi bila kugusa spana, akijiuliza alikosea wapi. Mji huu una vijana wengi wenye mikono kama yake, wanaojifunza kwa magari ya zamani kwa sababu mapya hawatayafikia. Mkiwafundisha kwamba kila kinachoharibika ni kosa lao, mtakuwa mmewadhulumu zaidi ya dola 480.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie dola 480 zote, na mnirudishie turbo yetu ya zamani kama bado iko, kwa kuwa ile ilikuwa afadhali. Mlipe mafuta, filta na gasketi zilizotumika, pamoja na gharama ya kushusha karteri tena: mota iliyopanda kasi yenyewe haiwezi kuaminiwa mpaka beringi za konrodi zikaguliwe upya, na kazi hiyo safari hii ifanywe na karakana huru kwa gharama yenu. Mnipe nakala ya ripoti ya fundi wenu. Vipande vilivyo kisandukuni visitupwe wala visisafishwe. Vikae kama vilivyo hadi jambo hili liishe. Tena muwaite wateja wengine waliouziwa turbo za aina hiyo bila karatasi ya balansi, mzipime mchezo wa shafti bure. Dai hili la mwisho halinihusu mimi, lakini nalishikilia kuliko yote. Kuna mtu atakayepatwa na hali ile akiteremka barabara ya Kasumbalesa kati ya malori, na hatakuwa na gia ya tano ya kumwokoa kama gari lake ni la otomatiki.

Sheria ya mikataba ya nchi yetu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inambana muuzaji kwa kasoro zilizofichika katika kitu alichouza. Nitangoja siku kumi na tano tangu mpokee barua hii. Nisipopata jibu la maandishi nitapeleka faili lote mahakamani, pamoja na faktire, video na picha. Ningependelea tumalizane mezani. Nyumba yangu muuzaji wenu anaijua, na jioni baada ya masomo nipo.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, heshima zangu.

Mteja wenu, mwenye HDJ80,
kartie Bel-Air, komini ya Kampemba