Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Magu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wahitimu, mwangaluka!

Njiani kutoka Mwanza umepita malisho yaliyobaki udongo mtupu. Wengi husema ng'ombe wamemaliza nyasi. Sisi tumezikagua nyasi za jirani na shule kwa misimu miwili, na tunaamini jibu hilo ni nusu tu.

Wazee wetu wa Kisukuma waliupa kila udongo jina lake. Kichanga cha mwinukoni ni luseni: hupitisha maji upesi na rutuba yake ni haba. Udongo mweusi wa bondeni ni mbuga: mvua ikinyesha hutuama maji, kiangazi hupasuka nyufa zinazokata mizizi ya miche. Hivyo kundi lilelile la ng'ombe huacha uoto tofauti huku na kule.

Tulizungushia kamba mita moja ya mraba, tukahesabu mimea iliyomo. Karibu na lambo, ng'ombe wanakopita kila siku, kumebaki ukoka na magugu wasiyoyagusa. Ukoka hutambaa, vichipukizi vyake viko chini sana, meno ya ng'ombe hayavifikii. Nyasi ndefu za kudumu hutoweka mapema, maana huliwa tena kabla mizizi haijajiwekea akiba. Lakini katika ngitili ya jirani, yaani malisho ya akiba, inayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, tulizikuta zimesimama na mbegu zake. Udongo ni uleule, ng'ombe ni walewale. Wenye ngitili wamezipa nyasi nafasi ya kupumua.

Kilichotugusa zaidi ni mahame. Boma lilihama zamani, ila pale zizi lilipokuwa nyasi zingali nzito na kijani kuliko pembeni. Ng'ombe walikula mlima mzima, wakalala na kuacha samadi mahali pamoja. Rutuba ya mlima ilihamia zizini, na mlima haukurudishiwa kitu.

Wenzetu wa Shinyanga walifufua ngitili kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986. Nasi tunaomba eneo la shule linaloshuka kuelekea Ghuba ya Speke, lenye luseni juu na mbuga chini, lifungwe kila msimu wa mvua. Tunaomba waya na nguzo, na mtaalamu wa malisho wa kutufundisha kutambua nyasi. Tunasihi pia wachungaji waitwe kikaoni kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, kwa sababu wengi wao ni wazazi wetu, na kiangazi malisho hayo yatakuwa ya ng'ombe wao.

Tunaomba kuwasilisha.