Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: barafu ya vinyunguni na meseji moja ya jioni

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Kama umri wako mdogo kwangu basi hesabu nimekiamkia cheo, hayo mengine tutayamaliza tukionana.

Mi ni mkulima wa viazi mviringo huku Njombe, upande wa kwenda Makete, na hii naiandika kwenye simu nimekaa jikoni karibu na moto maana nje hakukaliki, kwa hiyo ukiona herufi zimerukwa ujue ni vidole. Baridi yenyewe tumeizoea, sisi watoto wetu wanazaliwa masweta yameshafumwa, Njombe mjini ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari na Kitulo huko mita 2,600 hivi, sasa nani atashangaa baridi. Ila barafu, wengine mnaita sakitu, tunaijua ni ya mwezi wa sita na wa saba na tunapanda tukiwa tumeshaipigia hesabu. Mwaka huu kwangu ilikuja mwezi wa tano haujaisha, viazi ndo vinaanza kutoa maua.

Siku hiyo jioni mbingu nyeupe hamna wingu hata la kusingizia, upepo umetulia tuli, mama mkwe akatoka nje akaangalia juu akasema leo sio kuzuri, mi nikajifanya msomi nikaenda kulala. Asubuhi nashuka bondeni naona majani meupe kama mtu kayamwagia chumvi lakini yamesimama, nikasema aah afadhali. Ilipofika saa tatu jua limeshapiga kinyungu chote, yaani hilo shamba langu la bondeni, kikawa cheusi, majani yamelala kama mchicha uliosahaulika jikoni, robo tatu ya eka imekwenda hivyo, na mbegu nilinunua kwa hela ya kukopa. Cha kuudhi sasa, shamba la jirani liko mtelemkoni hapo hapo juu yangu, hatua kama mia tu, halijaguswa hata jani.

Hapo ndo ilipo pointi yangu Mheshimiwa. Usiku kukiwa hakuna mawingu ardhi inapoteza joto lote linaenda juu, halafu hewa ya baridi ni nzito inatelemka taratibu kama maji mpaka bondeni inatuama, na vinyungu vyetu viko huko huko bondeni. Mamlaka ya Hali ya Hewa utabiri wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, wanatoa na Nyanda za Juu Kusini wanazitaja, kwa hilo siwalaumu. Lakini ule ni utabiri wa miezi mitatu na wa mikoa mizima, haunisaidii kujua ni usiku wa leo au wa kesho. Halafu kipimajoto cha kituo kinakaa ndani ya kile kiboksi cheupe, kama mita moja na nusu kutoka chini, chenyewe kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 wakati majani yangu huku chini yameshafika sifuri na kupita.

Najua kuna mtu atasema si mhame bondeni. Tuhamie wapi, kiangazi maji yako huko, ndo maana tukalima vinyungu. (Na habari ya kutolima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji naijua, changu kiko nje ya hapo, msije mkaanzia kwenye hiyo.)

Aprili 2021 niliona video za Ufaransa, kwao ni majira ya kuchipua, mizabibu imeshatoa majani baridi ikawarudia, basi wakulima wakakesha wanawasha mishumaa mikubwa kama ndoo katikati ya mashamba, eka na eka, usiku unang'aa kama harusi. Na bado wengi walipoteza. Sisi huku tukiwasha moto mwezi wa sita na hii misitu ya misonobari iliyotuzunguka, si tutachoma wilaya.

Lakini tukijua mapema kuna vitu tunaviweza. Ukimwagilia mchana udongo ulioloa unatunza joto unalitoa usiku, sio dawa lakini unapunguza makali. Miche ya parachichi unaifunika na nyasi, kitalu cha nyanya unakitupia turubai. Na hata ikishapiga kuna la kufanya, mi kwa hasira niling'oa nusu ya shamba siku ile ile, ile nusu niliyoiacha imechipua tena kutoka chini, viazi vyake vidogo kama golori lakini mbegu nimepata. Hakuna aliyekuwa ameniambia nisubiri.

Sasa ombi. Tangu 2022 mlipoanza mbolea ya ruzuku mlituandikisha wote, majina, mashamba, kijiji, namba za simu, na meseji za mbolea zinafika vizuri tu hata huku ambako mtandao unashikwa ukipanda kichuguu. Tumieni namba hizo hizo. Siku ambayo anga inaonekana itakuwa safi na upepo hamna, kaeni na watu wa hali ya hewa, mtutumie meseji saa nane mchana, sio saa mbili usiku, maneno matano yanatosha: leo usiku barafu, mwagilieni, funikeni. Na bwana shamba wa kila kata apewe vipimajoto viwili vitatu vya bei rahisi avifunge kwenye vijiti bondeni, usawa wa majani, asubuhi asome aandike. Miaka miwili tu mtakuwa na ramani ya mabonde yanayoganda na yasiyoganda, hata anayetaka kupanda parachichi ataambiwa pale usipande, panda mtelemkoni.

Lumbesa, ile ya gunia kujazwa kupita kiasi, sitaitaja leo, hiyo ina barua yake.

Namba yangu mnayo, iko kwenye daftari la mbolea.

Wako, mkulima wa viazi, Njombe.